Ubavu wa Mashariki

14 Januari

Mdogo wangu,

Nakusalimu, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Sisi hapa hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua tangu wamhamishie ghalani, anakaa kwenye kiti kama mtu aliyekalia mayai. Mpwa wako ameajiriwa kwenye duka la dawa na sasa anatugawia ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mimi niko karakana ileile, bado nachonga vielelezo vya mbao, halafu wenzangu wa tanuru wanavitumia kutengenezea kalibu za kumiminia chuma. Mwezi uliopita nilichonga gurudumu la pampu. Msimamizi alilitazama akasema limekaa vizuri, na yeye si mtu wa kusema hivyo.

Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu. Miaka miwili ni mingi. Sina cha kujitetea, naomba tu uendelee kusoma.

Ofisi ya upimaji iliyo mkabala na karakana yetu inahama, na wametupa karatasi mafungu kwa mafungu. Nilikuwa napita na kikombe changu cha chai nikaona juu ya lundo umbo ninalolijua. Kisiwa chetu, mdogo wangu. Ramani nzima, yenye ile mistari inayozunguka mlima, kila mstari ukipita mahali penye kimo kimoja. Niliikunja nikaitia ndani ya koti kama mwizi.

Nimeamua kukitengeneza kisiwa chenyewe. Sitaki kukichora, nataka kiwe na mlima ambao mtu anaweza kuushika. Nimepata mabaki ya plaiwudi nyembamba, ya milimita tatu. Kila tabaka ni mita kumi za mwinuko. Nanakili mstari kwa karatasi ya kaboni, nakata kwa msumeno wa uzi, nabandika tabaka juu ya tabaka, na mlima mkubwa utafika kileleni kwenye tabaka la ishirini na tatu. Kwa vipimo vya haki kila tabaka lingekuwa milimita moja tu, kwa hiyo urefu nimeuzidisha mara tatu. Nimetia chumvi, ndiyo. Bila hivyo kisiwa kingekuwa bapa kama sahani, na mtu aliyewahi kupanda ule mlima na ndoo kichwani angenicheka.

Kikiisha nitakileta shuleni kwako. Ni sentimita tisini kutoka ncha hadi ncha, kitakaa kwenye meza ya walimu. Niandikie yaliyoongezeka tangu niondoke: njia, visima, gati jipya. Lakini mengine yote nitayafuata kama ramani inavyosema, kama yalivyokuwa nilipoondoka. Nyumba ya mama imo. Ni mraba mdogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika na wiki tatu mgongoni, meli ilikuwa mbovu. Siku hizi inakuja mara mbili kwa mwezi, ikijisikia. Wifi yako aliifungua kabla yangu, akasema mwandiko wako bado umesimama wima kama askari. Nilifurahi kuuona, sitakuficha.

Sisi tu wazima. Mtoto wa tatu alizaliwa Novemba, wa kike. Sikukuandikia kwa sababu ileile ambayo wewe hukuniandikia. Mama mdogo goti linamvimba lakini mdomo ni mzima. Bado anaishi kulekule chini ya mlima wa magharibi, bado anawapangia majirani maisha yao. Mimi wameniongezea cheo, mimi ndiye mwalimu mkuu sasa, maana yake nikikosekana mimi hakuna wa kutafuta chaki.

Dada, ramani ya mlima wa kushika ni kitu kikubwa kwa shule hii. Watoto wangu wanafundishwa mito ya nchi za mbali na hawajui kijito kinachopita nyuma ya choo chao kinatoka wapi. Nakushukuru. Nimekuchorea gati, visima vitatu, barabara mpya ya kaskazini, na zahanati. Nilipima kwa kamba yenye mafundo, hatua kwa hatua, siku tano nzima, na sasa mtaa mzima unaniita Bwana Kamba. Hata wazazi wakija ofisini wanaanza na hilo jina halafu wanakohoa.

Ila kuna jambo moja. Ramani yako ni ya zamani. Ubavu wa mashariki haupo tena ulivyochorwa, na wewe unajua. Miaka sita iliyopita ulishuka na nyumba kumi na mbili na watu tisa, na mama yetu alikuwa mmoja wao. Watoto wanaoingia darasa la kwanza mwaka huu hawaukumbuki mlima wa kwako. Wanaukumbuka uliobaki, wenye lile jeraha jekundu linaloonekana hata ukiwa melini. Nikiwawekea mezani mlima mzima, watauliza huu ni wa wapi.

Tafadhali usitutengenezee kisiwa cha uongo.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Hongera kwa mtoto, na mpe wifi pole na pongezi zangu, vyote viwili anavistahili. Shemeji yako amecheka Bwana Kamba mpaka mgongo ukamkumbusha. Mpwa wako anasema mama mdogo afunge goti kwa kitambaa cha maji baridi na asikae chini. Najua hatasikia.

Nilikasirika niliposoma neno uongo. Niliiweka barua yako siku tatu nikawa naipita. Kisha nikakumbuka kwamba kazini, mtu akiniletea mchoro wa kipande cha mashine ambacho kimeshavunjika, namrudisha akapime kilichopo. Sichongi kwa huruma. Kwa hiyo umesema kweli, na sitairudia hasira.

Nimekata matabaka kumi na manne. Chumba cha mbele kimejaa vumbi la mbao, shemeji yako anakula akiwa amefunika kikombe kwa kiganja. Ukanda wa pwani ndio ulinitesa, una meno mengi na uzi wa msumeno unakatika. Magharibi na kaskazini vimekaa vizuri. Matabaka yakishakauka najaza ngazi zake kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno, kisha napiga msasa mpaka mteremko uwe laini kama ulivyo, usiwe ngazi.

Nimefika mashariki nimesimama. Nimetandaza karatasi zako zote mezani. Umenipimia kisiwa kizima, umenihesabia mpaka ngazi za gati, isipokuwa upande huo mmoja. Mwenyewe ndiye unayetaka jeraha lionekane. Basi nipe vipimo vyake: limeanzia kimo gani, limekatika kwa upana gani, udongo uliteremka ukaishia wapi.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mitihani ilibana, kisha mtoto akaumwa kikohozi, sasa ni mzima. Wifi yako anakusalimu, anasema umwambie mpwa wake mama mdogo amekataa kitambaa lakini amekubali dawa ya kupaka, kwa sharti apakwe na mtu mwingine.

Kuhusu vipimo, udongo wa kule bado ni laini na mvua haijakatika vizuri. Si mahali pa mtu kwenda peke yake na kamba. Labda baadaye.

Nina jambo lingine linalonikosesha raha. Mlima wa magharibi, ule wa juu ya mtaa wa mama mdogo, umeanza kupasuka karibu na kilele. Niliuona ufa mwezi uliopita, nikiwa nahakiki vipimo vya barabara kwa ajili yako. Nimewaita wenye nyumba za mtaa ule, nazo pia ni kumi na mbili, nikawaomba wahamie uwanda wa shule, kuna nafasi na baraza limekubali kutoa mabati. Mwenye duka, ambaye ndiye mkubwa wa mtaa, alinijibu mbele ya watu kwamba mlima ule umekuwapo tangu babu zao na maji yake siku zote yanakwenda kijitoni, hayaji kwao. Watu wakamwitikia. Mtu mmoja akauliza, kwa upole kabisa, mbona safari ile ya mashariki Bwana Kamba hakuona kitu. Nikafunga mkutano.

Mdogo wako

25 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Sina habari za kukuchekesha safari hii.

Kazi imesimama. Kisiwa kiko mezani kimekamilika pande tatu, na mashariki pana shimo, naona mbao ya chini. Kila anayeingia humu anauliza panya wamekula wapi.

Mpishi wa meli alipita karakanani kuchukua vyuma vya jiko lake. Tuliongea kidogo, hakujua mimi ni nani. Alinisimulia kuhusu mwalimu mmoja wa kisiwani ambaye, ukimtuma nyumba ya tatu kutoka hapo, atazunguka kijiji kizima ili asipite chini ya mlima ulioanguka. Alisema watu wamezoea, wakimwona anazunguka wanajua saa.

Umenificha nini? Niandikie, hata kama ni kwa ukali. Mimi ndiye niliyekuwa mbali, sina haki ya kumhukumu mtu.

Dada yako

19 Juni

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima.

Nimekwenda. Nilimwomba fundi mwashi anisindikize, yule mrefu aliyejenga zahanati. Ana mpira wake mwembamba unaoonyesha ndani, anautia maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, na maji yanapotulia mnajua mko kimo kimoja. Tulipanda nao tangu chini. Tulipigilia vijiti, tukapima, tukaandika. Siku tatu. Vipimo vyote viko kwenye karatasi ya pili na ya tatu. Jeraha limeanzia mita mia na sitini, upana wa juu ni hatua tisini, na ulimi wa udongo umefika karibu na kijito, hatua arobaini tu. Siku ya tatu tulipofika palipokuwa nyumbani, fundi mwashi aliweka mpira chini akasema anakwenda kutafuta maji ya kuongeza. Mpira ulikuwa umejaa. Alikaa huko muda mrefu akaniacha.

Sasa nitakuambia, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini sikuandika.

Ufa wa mashariki niliuona. Niliuona Jumatatu, siku nne kabla. Nilipanda kutafuta mbuzi wa shule, nikaukuta kwenye majani, upana wa vidole vitatu. Jumatano nikarudi, ulikuwa unaingia kiganja. Nikashuka moja kwa moja kwa mama. Unakumbuka alikuwa amekataa kuja kukaa kwangu, alisema nyumba yenye mke wa mtu haina mama wawili, na tulikuwa tumeshavutana kwa hilo muda mrefu. Nikamwambia mlima umepasuka, twende. Alikuwa anashona mkono wa gauni. Akaniambia, "Nitahama dada yako akijibu."

Sikumwuliza jibu la nini. Nilisikia tu kwamba anakuchagua wewe uliye mbali anamwacha aliye mlangoni. Nikasema, "Basi kaa." Nikaondoka. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.

Na hilo si zito kuliko lote, dada. Kulikuwa na nyumba nyingine kumi na moja. Nilizipita nikishuka. Watu walikuwa nje, walinisalimu, nikaitikia. Sikuwaambia. Nilikuwa mwalimu kijana, nikawaza mlima usipoanguka watanicheka mwaka mzima. Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa nafundisha sehemu, nimeandika robo tatu ubaoni, tukasikia. Watoto wawili wa darasa langu walikuwa wameacha wazazi wao nyumbani.

Kila mwaka nilikuwa nawaandikia wanafunzi ile methali ya ufa na ukuta. Tangu siku ile siiandiki.

Kwa hiyo yule mtu aliyeniuliza mkutanoni mbona sikuona kitu, aliuliza kwa upole, nami sikuwa na jibu ila moja.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Nimesoma nikiwa nimekaa. Nimesoma mara ya pili kwa sauti, shemeji yako akisikiliza, kwa sababu kuna jambo ambalo hata yeye alikuwa hajalijua na nilitaka alisikie siku hiyohiyo.

Mama aliniandikia. Barua yake ilinifikia siku kumi na tisa kabla ya Ijumaa ile. Aliandika kwamba nyumba inalia usiku, milango haifungi tena sawasawa, na angependa kuja kukaa kwangu mpaka mvua ipite, kama kuna pembe ya kulaza godoro. Ilikuwa barua fupi, hakuwa mtu wa kubembeleza. Wakati ule mama mkwe alikuwa anaumwa katika chumba chetu cha pili, na mpwa wako analala sebuleni. Kusema hapana sikuweza. Kusema njoo sikujua ningemweka wapi. Nikaiweka barua chini ya sanduku la patasi, nikajiambia kesho. Nilijiambia kesho siku kumi na tisa.

Jibu niliandika Ijumaa. Niliandika njoo, tutabanana. Nilikuwa nimeshabandika stempu telegramu yako ilipofika.

Nilikuambia karakana ilininyima ruhusa ya kuja mazishini. Sikuomba ruhusa. Ningesimamaje pale, watu wakinipa mkono wa pole?

Kwa hiyo alikuwa ananisubiri mimi. Aliposema vile hakuwa anakukataa wewe. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu umelibeba vibaya. Usiniambie si kosa langu, na mimi sitakuambia si kosa lako. Wazee wa karakana wanasema chuma kilichopasuka hakipakwi rangi. Lakini wale wa nyumba kumi na moja, hao siwezi kukusaidia kuwabeba. Hao wana ndugu zao hapo kisiwani. Wewe ndiye unayejua la kufanya.

Nimelikata jeraha. Nilifuata vijiti vyenu kimoja kimoja. Ilinibidi nibandue matabaka tisa niliyokuwa nimeshayagundisha pembeni, nikayakata upya kwa ndani, na ule ulimi wa udongo nikaujenga kwa gundi na vumbi la mbao kwa kijiko. Nyumba zote za kisiwa nimezitia kwa vipande vidogo vya mbao nyeupe. Kule mashariki sikutia kitu. Nilishika kile kipande kimoja muda mrefu, kisha nikakirudisha kwenye kopo.

Nimepaka rangi, nimepiga vanishi mara tatu, haingii maji. Kitapanda meli mwanzo wa Septemba. Sanduku lishikwe na watu wanne, lisilazwe ubavu.

Dada yako

30 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na shemeji shikamoo, na mpwa wangu ambaye sasa ni daktari. Watoto wanakusalimu. Mdogo ameanza kutambaa, anakula chaki.

Kisiwa kimefika kizima. Tulikibeba wanne kutoka gatini, nyuma yetu watu wanaongezeka kama msafara wa harusi, kila mtu anatoa amri, inua huku, punguza huku. Nilikiweka kwenye ukumbi wa baraza maana meza ya walimu ilikuwa ndogo. Ulinipa urefu, upana hukunipa, fundi mzima wewe.

Siwezi kukuandikia yote. Watu waliingia. Kisha mikono ikaanza. Kila mtu alitafuta kwake kwanza, akaweka kidole, akaita wengine. Mzee mmoja alifuata kwa ukucha njia aliyokuwa anapeleka ng'ombe utotoni. Wale wa mashariki walikuja mwisho. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alilaza kiganja chote juu ya lile jeraha, akakiacha hapo. Hakulia. Akaniambia, "Aliyetengeneza hiki amekuja kupaona." Nikamwambia hakuja. Hakuniamini.

Siku hiyohiyo, wakiwa wamejaa ukumbini, nilisimama nikawaambia. Nilisema niliuona ufa wa mashariki siku nne kabla na nikawapita milangoni mwao nikawaitikia salamu. Nilisema kwa nini. Sitakuandikia yaliyonirudia. Mengine nilistahili, na mtu mmoja ambaye nilifundisha watoto wake wote alitoka nje na hajanisalimu mpaka leo. Lakini wengine wote walioniambia maneno hayo walibaki palepale, hawakuondoka, na mimi nikaendelea. Nikawaonyesha mlima wa magharibi.

Mwenye duka akasema, "Huyu fundi ametia chumvi. Mlima wetu hauna urefu huo." Nikakiri, ni kweli, urefu umezidishwa mara tatu, na wa milima yote. Akasema basi, na hata hivyo maji yanakwenda kijitoni.

Mkunga wetu, yule anayezalisha kisiwa kizima na hana muda wa maneno mengi, alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Alisogea, akainama, akayamimina taratibu pale juu nilipochora ufa kwa penseli. Tukatazama. Maji yalishuka kidogo kuelekea kijitoni, kisha yakakuta ule mgongo mdogo ambao hakuna anayeuona akiwa amesimama mtaani, yakageuka. Yalikwenda yakasimama kati ya vile vipande vyako vyeupe. Yakatuama pale, yanang'aa.

Mkunga akaweka kikombe mezani akamwuliza mwenye duka, "Umeona, au nilete ndoo?"

Nyumba kumi na moja zimeshahamia uwanda wa shule, chini ya mabati ya baraza. Mwenye duka alihama wa nne, akasema ni kwa sababu huku wateja ni wengi.

Mdogo wako

17 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimefurahi na nimelia, kwa mpangilio huo. Umefanya jambo ambalo mimi bado sijalifanya, kusema mbele ya wenyewe. Shemeji yako anasema mkunga apewe ubunge.

Lakini nakujua unavyoandika. Nyumba ni kumi na mbili. Ulinihesabia kumi na moja ukaruka kwenye duka. Ya kumi na mbili ni ya nani?

Dada yako

10 Desemba

Dada,

Shikamoo. Sikutaka kukuandikia kabla halijaisha.

Ilikuwa ya mama mdogo. Ukumbini hakufika kwa sababu ya goti, na nilipokwenda kumweleza kuhusu maji alisema hahamishwi na kibao cha mbao, awe amekitengeneza mtoto wa dada yake au malaika. Nilirudi kesho yake, na kesho yake. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Nikapanda, ufa ulikuwa vidole vinne.

Nikashuka kwake, nikamkuta anapanga vyombo. Akaniambia, "Nimeshasema, mimi siendi. Nenda kwako." Dada, lile neno lilinijia mdomoni lenyewe, na hasira yake yote. Nikalimeza. Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa sakafuni. Nikamwambia, "Basi na mimi nakaa. Ukianguka utuangukie wote."

Alicheka. Baadaye akakasirika. Akaniambia nina watoto watatu, nisimfanyie upuuzi. Nikamwambia ndiyo, ninao. Akapika, hakunipa. Kesho yake asubuhi aliona wifi yako anakuja na mtoto mgongoni, yeye pia anakuja kukaa, na ninaapa sikumtuma. Mama mdogo alimtazama akiwa bado mbali njiani, akaanza kufunga nguo zake kwenye shuka huku akitutukana ukoo mzima, na wewe ukiwemo. Fundi mwashi alimbeba mgongoni mpaka uwandani. Hapo napo alimtukana kwa kutembea polepole.

Hiyo ni wiki tano zilizopita. Mvua imenyesha karibu kila siku, kubwa kuliko ya mwaka ule. Mlima wa magharibi umesimama. Kila asubuhi napanda na kamba, napima ufa, narudi. Haujaongezeka hata ukucha. Huenda ukasimama miaka mia, na mimi naomba usimame.

Watu wameanza kuninung'unikia. Mabati yana kelele mvua ikinyesha, maji ya kisima cha shule yana chumvi, kuku wamechanganyika na hakuna anayemjua wake. Mwenye duka anasema nimewahamisha watu kwa ndoto. Mama mdogo ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Jana alinisubiri nje ya darasa, na fimbo yake, mbele ya wanafunzi wote, akaniambia, "Mlima uko palepale. Umenihamisha bure."

Nikamwambia ndiyo, mama mdogo. Bure kabisa.

Mdogo wako